Uso, mikono au wimbo: video fupi ya biashara ipi inambakiza mtazamaji?

Wauzaji wengi wa hapa Dodoma wakitaka kuboresha video zao huanzia kwenye vifaa: maiki ipi, taa ipi, ninunue simu ya macho matatu au niendelee na hii. Hayo yana nafasi yake na nitayagusa. Lakini weka video mbili za bidhaa moja, moja imetazamwa hadi mwisho na nyingine imepitishwa kwa kidole sekunde ya pili, na mara nyingi utakuta zimepigwa kwa simu za hadhi ile ile. Kinachozitenganisha ni uamuzi uliofanyika kabla kamera haijawashwa: nani anaongea, na mtu anaangalia nini wakati anasikiliza.

Njia zinazotumika sana ni tatu. Uso: unasimama mbele ya simu na kusema. Mikono: kamera inaangalia kazi au bidhaa, sauti yako unaipachika baadaye. Wimbo: picha zinakatwa kufuata mdundo, na maneno yanaandikwa juu ya video. Nitazilinganisha kwa bidhaa moja, mafuta ya alizeti ya kukamua, kwa sababu kila mtu wa Dodoma na Singida anayafahamu, na kila mnunuzi ana swali moja juu yake: hayajachanganywa?

Tupime kwa namba ipi

Idadi ya waliotazama inadanganya. Tangu 31 Machi 2025 YouTube inahesabu kuwa Shorts (video yake fupi) imetazamwa pale tu inapoanza kucheza au kujirudia, bila kudai mtu akae sekunde yoyote. Aliyepita mbio na aliyekaa hadi mwisho wanaandikwa pamoja. Namba yenye habari iko ndani zaidi, kwenye takwimu za akaunti yako: wastani wa muda wa kutazama, na ule mstari unaoonyesha watu wanaondoka sekunde ya ngapi. YouTube inakuongezea asilimia ya waliobaki na ya waliopitisha. Kwa Instagram, mkuu wake Adam Mosseri alieleza Januari 2025 kwamba vinavyobeba uzito mkubwa ni muda wa kutazama, laiki, na watu kutumiana video hiyo. Laiki zinasaidia zaidi kwa wanaokufuata tayari. Kutumiana kunasaidia zaidi kukufikisha kwa wasiokujua kabisa.

Basi njia nzuri kwetu ni ile inayomzuia mtu sekunde tatu za mwanzo, ikamvusha katikati, kisha ikamfanya amtumie dada yake.

Uso

Nguvu ya uso ni kuaminika. Anayeona macho yako anajua kuna mtu wa kumdai. Kwa dalali wa viwanja sioni njia nyingine yenye maana. Tangu serikali ilipohamia huku, Dodoma imekuwa mji wa viwanja, kuanzia Iyumbu hadi Nala, kuanzia Ihumwa hadi Mtumba, na hadithi ya kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili kila mtu anayo. Video ya kiwanja yenye wimbo mzuri na picha za kutoka angani inapendeza, ila mnunuzi makini anajiuliza mwenye maneno yuko wapi. (Na droni hapa Tanzania ni ya kuombewa kibali, si ya kununua leo na kurusha kesho.) Asimame mtu kwenye bikoni, lile jiwe la mpaka, aonyeshe barabara iko hatua ngapi kutoka hapo, aseme hati imefikia wapi. Huyo nitampigia simu.

Udhaifu wake mkubwa ni salamu. Sisi ni watu wa salamu; mtu akianza kuongea bila kusalimu anaonekana hakulelewa. Kwa hiyo video inaanza: “Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari zenu wapendwa wangu, mimi kwa majina naitwa…” Hapo dumu la mafuta bado halijaonekana na mtazamaji keshafika kwa mchekeshaji wa Mbeya. Mtu asiyekujua hakudai salamu, maana bado hajakubali kukaa barazani kwako. Hili linatibika bila kuvunja adabu. Anza na jambo, salamu ifuate: “Mafuta haya yamelala kwenye friji usiku kucha na bado yanamiminika. Habari zenu, niko Majengo sokoni, nawaonyesha kwa nini.” Salamu ipo, imesogea sekunde chache tu. Kwenye stetasi ya WhatsApp, ambako wanaokutazama wana namba yako tayari, salimia utakavyo. Pale wanakusubiri wewe.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Njia ya uso ndiyo inayoteswa zaidi na Dodoma. Kuanzia Juni au Julai hadi Oktoba upepo hapa haupumziki, na simu ikishikwa umbali wa mkono inanasa upepo vizuri kuliko inavyokunasa wewe. Picha ikiwa na ukungu kidogo watu huvumilia. Sauti inayokwaruza hawavumilii hata kidogo. Kama ni lazima uongee nje, hapa ndipo pesa ya kifaa inapofaa kutoka: kimaiki cha kubana kwenye kola, chenye kile kimanyoya au sponji. Kisichofunikwa kitavuma vile vile, tena kwa karibu. Ukikosa, ingia kwenye kona ya fremu yako ya duka, upe upepo mgongo na uisogeze simu. Sikiliza kwa spika za masikioni kabla hujapanga upya meza, si baada ya kufika nyumbani.

Jua nalo. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri liko utosini, macho yanageuka mashimo mawili, na mwenye kofia hana uso kabisa. Wengi hukimbilia chini ya mwarobaini, na kile kivuli kinachotoboka kinamwagia mtu madoa usoni, yanacheza kila tawi linapotikisika. Baraza ni bora zaidi: simama ndani kidogo ya kivuli cha paa, uso ukiangalia nje kwenye mwanga, simu ikiwa upande wa nje. Usiweke ukuta mweupe unaong'aa nyuma yako, kwa sababu simu itajipimia kwa ukuta na ngozi yako itakuwa nyeusi tii isiyo na umbo. Bonyeza usoni kwenye kioo cha simu, shikilia hadi ijifunge, kisha pandisha mwanga kidogo kwa kidole. Simu nyingi zinaruhusu hivyo, hata za bei ya chini.

Angalia lenzi, usijiangalie wewe mwenyewe kwenye kioo. Mtazamaji anatambua macho yanayokwepa hata kama hawezi kueleza kilichomkera. Wala usikariri hotuba. Sema sentensi moja, nyamaza, sema inayofuata, kisha kata zile “aaa” na “yaani” zote wakati wa kuediti.

Kuna kundi ambalo uso si chaguo lao, na mji huu umelijaza: watumishi wenye biashara pembeni. Mtu yuko ofisini Mji wa Serikali hadi jioni, nyumbani ana majiko ya keki au stoo ya mafuta, na hataki mkuu wake wa kitengo amkute kwenye TikTok akitangaza lita tano. Wapo pia akina mama ambao kwa sababu zao hawaonyeshi sura. Hao wote wasilazimishwe na ushauri wa mitandaoni wa “jitokeze mbele ya kamera”. Wana njia nzuri zaidi.

Mikono

Hii ndiyo ninayoipigia debe kwa wauzaji wengi wa bidhaa, na nitakaa hapa kidogo.

Chukua yale mafuta ya alizeti. Usiku weka chupa mbili ndogo kwenye friji: moja ya alizeti yako, nyingine ya mafuta ya mawese. Asubuhi zitoe zikiwa na umande nje, ziweke mezani, na washa kamera zikiwa tayari mkononi. Picha ya kwanza kabisa iwe mikono miwili ikiinamisha chupa zote kwa pamoja. Moja inatiririka. Nyingine imeganda, haisogei. Sauti inasema: “Moja kati ya hizi ni mawese.” Basi. Usitoe maelezo bado. Nenda kwenye mashine: mbegu zinaingia juu, mashudu yanatoka upande mmoja yakiwa yamebanwa kama magamba, mafuta yanadondoka upande wa pili. Picha ya karibu, sekunde mbili. Picha ya karibu zaidi, sekunde mbili. Sauti inaendelea: umekamua lini, mbegu zimetoka Kongwa au Kondoa, umechuja namna gani. Mwishoni rudi kwenye zile chupa na useme ipi ni ipi. Kwa kuwa video inajirudia yenyewe, picha ya mwisho inagusana na ya kwanza na mtu anaweza kuizungusha mara ya pili kabla hajatambua.

Kinachombakiza hapo ni kwamba umefungua swali na jibu hujalitoa. Sauti tamu ni ziada. Kwenye njia ya uso swali linaweza kufunguliwa pia, lakini kwa maneno tu. Hapa linaonekana kwa macho kabla sikio halijachukua neno la pili.

Ila sema ukweli wote, kwa sababu watu wa komenti ni wakali. Alizeti isiyosafishwa kiwandani ikipoa sana inaweza kuonyesha ukungu kidogo. Ni nta ya ganda la mbegu, si mawese, na inafaa kulitaja hilo wewe kabla mtu hajaja kukuumbua. Pia jaribio la friji linakamata mawese mengi, halikamati kila mchanganyiko: mafuta ya soya nayo hayagandi. Ukidai zaidi ya hapo, fundi mmoja atajitokeza kwenye komenti na video yako itakuwa yake. Na chupa ya kulinganishia isiwe na lebo ya mtu.

Sauti ya kupachika ina faida ambayo anayeongea nje hana: upepo haukuhusu. Rekodi chumbani penye godoro, mapazia na nguo za kuning'inia, vitu laini vinavyomeza mwangwi. Gari lililozimwa, vioo juu, ni studio nzuri kuliko sebule yenye vigae. Kuanzia Desemba hadi Aprili angalia wingu kwanza, maana mvua juu ya bati haifutiki na programu yoyote niliyowahi kuitumia. Sentensi moja ikikwaruza unairudia hiyo moja, bila kurudi mashineni. Nashauri sauti itangulie: andika sentensi sita au saba, zirekodi, kisha kata picha zizifuate. Anayefanya kinyume hujikuta anatafuta maneno ya kujaza picha, na mtazamaji anasikia kabisa kwamba haya ni maneno ya kujaza.

Ongea kwa kasi kidogo kuliko unavyoongea dukani, na kwa Kiswahili chako cha kawaida. Sauti ya mtangazaji wa redio ikiwa juu ya mikono ya mama lishe haiaminiki. Lafudhi ya Kigogo siyo kasoro ya kuficha. Kwa mnunuzi wa hapa ni ushahidi kwamba mafuta yametoka karibu.

Dosari zake? Kuediti kunachukua muda, hilo la kwanza, na kwa mtu anayefunga duka usiku si jambo dogo. La pili ni wizi. Video isiyo na uso ni rahisi kubebwa: mtu wa mkoa mwingine anaipakua, anaweka namba yake ya simu, anakusanya pesa za watu. Dawa yake ni kuweka jina la biashara kwenye kitu kinachogusana na tendo lenyewe, yaani lebo ya chupa inayomiminwa au aproni, badala ya kuliandika pembeni ambako linakatwa kirahisi. Au onyesha uso sekunde nne za mwisho, wakati mtu keshaamua kukusikiliza.

La tatu ni kucha. Mtanzania akitazama video ya chakula anakagua kucha, kisha beseni, kisha kitambaa cha mezani, ndipo anasikiliza. Na ufute lenzi. Kwa vumbi letu jekundu na vidole vyenye mafuta, picha “mbovu” nyingi zingepona kwa kipande cha khanga tu.

Wimbo

Ni ya haraka na haina aibu. Picha nane, wimbo uliovuma wiki hii, maandishi, umeposti kabla chai haijapoa. Kwa kazi ambazo macho yanatosha, kama nywele zilizosukwa, gauni lililoshonwa au keki inayopakwa krimu, inafanya kazi vizuri sana, hasa ukianza na kitu kilivyokuwa kabla na kuchelewesha kilivyokuwa baada. Inamfaa pia anayetazama bila sauti: aliyeko kikaoni, kwenye daladala, au ndani ya treni ya SGR hajavaa spika za masikioni.

Kwa mafuta ya alizeti, hapana. Mnunuzi ana swali kuhusu usafi wa bidhaa, na wimbo haujibu swali. Anaondoka akiwa na mdundo kichwani.

Kuna jambo la kiufundi linalowakwaza wengi. Ukigeuza akaunti yako ya TikTok kuwa ya biashara, unabaki na maktaba ya muziki ulioruhusiwa kwa biashara, na ule wimbo wa Bongo Fleva ulioutaka huenda usiuone humo. Instagram nayo inabana akaunti za biashara kwa namna inayofanana. Si hitilafu ya simu. Ni haki za wenye nyimbo. Usipoteze jioni nzima ukiusaka.

Maandishi yenyewe yanataka mkasi. Kiswahili kinafunga sentensi nzima ndani ya neno moja, na “hatujayachanganya” likiwa kubwa linajaza mstari wote wa simu. Mstari mmoja, maneno matatu au manne. Yakae kioni kwa muda wa kuyasoma mara mbili kwa sauti. Usiyaweke chini kabisa wala ukingo wa kulia; huko kepsheni na vitufe vya laiki na kushea vitayakalia.

Kabla hujachagua wimbo, jiulize kama kitu chenyewe hakina sauti. Nyama juu ya makaa, cherehani, mkasi ukipita kwenye kitenge, mashine ya alizeti ikinguruma kisha ikazimwa. Mlio halisi ukiachwa peke yake sekunde tatu za mwanzo unamzuia mtu kuliko wimbo ambao tayari ameusikia kwenye video kumi zilizotangulia.

Bega kwa bega zinaonekana hivi:

| | Uso | Mikono na sauti | Wimbo na maandishi |
|---|---|---|---|
| Sekunde za mwanzo | Zinaliwa na salamu usipoangalia | Kitu kinaonekana papo hapo | Mdundo unasaidia, kisha unazoeleka |
| Adui wake hapa Dodoma | Upepo, jua la utosini | Vumbi kwenye lenzi, mvua juu ya bati | Hana, labda bando |
| Kazi ya kuediti | Ndogo | Kubwa | Ya wastani |
| Mtu anaondoka na nini | Amekujua wewe | Ameijua bidhaa | Anaimba |

Bei: uitaje au “njoo inboksi”?

Hapa sina msimamo wa katikati. Itaje. Najua hoja ya upande wa pili: ukificha bei, watu wanajaza “bei gani?” kwenye komenti na video inaonekana ina uhai. Komenti hizo zipo kweli. Lakini anayeuliza bei na kujibiwa saa nne baadaye keshanunua kwa jirani, na wengi hawaulizi kabisa, wanadhani umeficha kwa sababu ni ghali. Zaidi ya hapo, video yenye bei ndiyo inayotumika kutumiana. Mke anaituma kwa mumewe bila maelezo, kwa sababu maelezo yamo ndani. Isiyo na bei inahitaji mazungumzo, na watu hawatumiani kazi.

Mahali nako kutajwe mapema, iwe kwa mdomo au kwa maandishi kwenye picha ya kwanza: “Dodoma, Majengo”. Utapoteza baadhi ya watazamaji wa mbali. Sawa tu. Mtazamaji wa Mwanza anayependa video yako na asiyeweza kununua anapandisha namba. Wa Nkuhungu anapandisha mauzo. Kama unatuma mizigo kwa basi, sema hivyo kwa sentensi moja mwishoni na mlango wa mikoani uko wazi.

Urefu, jukwaa na bando

Nafasi imeongezeka sana. Shorts za YouTube ziliruhusiwa kufika dakika tatu Oktoba 2024, Reels za Instagram zikafuata Januari 2025, na TikTok inaruhusu ndefu kuliko hizo. Kuruhusiwa si sababu ya kujaza. Wimbo ukizidi sekunde 15 unachosha. Uso unavumilika nusu dakika hadi dakika moja, ukiwa na jambo. Mikono ndiyo pekee inayoweza kwenda dakika moja na nusu bila mtu kuhisi, kwa sababu kazi yenyewe ina mwanzo na mwisho, na mtu anataka kuona imeishia wapi.

Kuhusu jukwaa sitasema mengi. TikTok kwa wasiokujua, stetasi kwa wanaokujua, ikikumbukwa kuwa inafutika baada ya saa 24. YouTube inafaa kwa kitu ambacho watu watakitafuta miezi ijayo, kama namna ya kutambua mafuta yaliyochanganywa. Video moja unaweza kuipeleka kote, ila ihifadhi kutoka kwenye programu ya kuediti kabla hujaiposti popote. Instagram ilishasema tangu Februari 2021 kuwa video zenye nembo ya programu nyingine haizisukumi sana, na ile nembo ya TikTok inayorukaruka inaonekana kwa kila mtu.

Kurekodi kwa 4K, ubora wa picha ulio juu ya 1080p ya kawaida, ni kuchoma bando na nafasi bila faida kwa kazi hii. Kwenye iPhone, ukurasa wa mipangilio ya kamera wenyewe unakuonyesha: dakika moja ya 1080p kwa fremu (picha) 30 kila sekunde ni takriban MB 60, ya 4K kwa fremu 30 ni takriban MB 170, na hiyo ni kwa mfumo unaobana faili. Mitandao inaibana tena ikishapokea. Baki 1080p, simu ikiwa wima, kisha washa kile kitufe cha kuposti kwa ubora wa juu kwenye mipangilio ya TikTok na Instagram.

Nani achague nini

Dalali wa viwanja, wakili, mwalimu wa masomo ya jioni, mtu yeyote ambaye bidhaa yake ni neno lake: uso. Hakuna njia ya mkato.

Muuza mafuta, mama lishe, fundi simu, fundi wa samani, mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi: mikono. Huyo wa zabibu ana hazina ambayo wengi wao hawaitumii, kwa sababu Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka. Mkasi ukipogoa mzabibu hadi ubaki mifupa mitupu, kisha mzabibu huo huo ukiwa umeinama kwa vichala, ni video ambayo mtu wa Dar es Salaam hawezi kuiiga. Inahitaji tu simu isimame sehemu ile ile mara zote mbili. Piga alama kwenye nguzo.

Msusi, mshonaji, mpambaji wa kumbi: wimbo, au mlio halisi, na mara moja moja sauti yako ieleze inachukua saa ngapi. Kwa hawa kuna tahadhari moja. Kichwa unachokisuka ni cha mtu. Mwombe ruhusa kabla ya kurekodi, si baada ya kuposti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na kabla ya sheria upo ujirani.

Asiye na uhakika ajaribu mbili kwa pamoja: bidhaa ile ile, bei ile ile, saa ile ile ya kuposti, na video kadhaa za kila njia, kwa sababu moja inaweza kubahatika. Kisha asome mstari wa takwimu. Ukiporomoka sekunde mbili za mwanzo, kosa liko kwenye picha ya kwanza au kwenye salamu. Usiguse kitu kingine. Ukishuka katikati, kuna sentensi unayoipenda wewe peke yako, ikate. Na kama watu wanafika mwisho, wanaipenda, ila simu haiiti, rudi uitazame bila sauti kisha kwa sauti, uone kama kuna mahali popote panaposema unauza shilingi ngapi na unapatikana wapi.